Albamu ya Pili na Mwenye Sauna

Kwenye kanda kulikuwa na sauti isiyo ya mtu wala ya chombo. Kila mwimbaji Ilpo alipovuta pumzi kati ya mstari na mstari, ilisikika shhhaa, kama maji yamemwagwa juu ya mawe ya moto. Jarkko aliirudisha nyuma, akaisikiliza tena, akatukana, akabadilisha waya. Ikabaki palepale.

Alikuwa amechoka na kukereka. Albamu ya kwanza ya bendi yao ya metali ilisifiwa kuanzia Oulu, kaskazini mwa Ufini, hadi Ugiriki, magitaa yake matamu yakilia juu ya ngoma za kasi, na sasa kila mtu aliisubiri ya pili aone kama walibahatisha tu. Mpiga ngoma na mpiga besi walikwisha kurekodi sehemu zao wakarudi mjini. Ilibaki sauti ya Ilpo ya kunguruma, na Jarkko, mtunzi na mpiga gitaa, aling'ang'ania mngurumo ule urekodiwe ndani ya sauna ya bibi yake Hilja, kibanda cha magogo cha kuogea mvuke kando ya ziwa lililoganda, kwa sababu kuta zake kuukuu ziliinenepesha sauti kuliko studio yoyote. Tatizo lilikuwa mawe ya jiko. Yalipopoa yalitoa mlio, tik, tik, yakaingia kwenye kipaza sauti. Jarkko aliyatoa yote akayatupa kwenye theluji, kisha Ilpo akapanda kwenye ubao wa kukalia akaanza kunguruma mashairi yake ya laana.

"Jarkko, jiko si limezimwa?" Ilpo alinong'ona kutoka ndani.

"Tangu asubuhi. Halina hata jiwe."

"Mbona huku kuna joto?"

"Acha visingizio, bwana. Rudia ubeti wa pili."

"Koo linaniungua, kaka. Kama nimemeza mvuke."

"Mtu wa kunguruma analalamika koo? Ungebaki kwaya ya kanisani basi."

Ilpo akarudia. Ilikuwa alasiri ya Desemba na nje giza la kaskazini lilikwisha kuingia. Jarkko alikaa na mashine yake katika chumba cha kubadilishia nguo, vipaza vya masikio kichwani, na kwanza akasikia harufu ya majani mabichi ya mbetula, yale ya kujichapia saunani, wakati hakuna mti uliokuwa na jani hata moja, kisha nyayo tupu zilizolowa zikipanda mbao taratibu, kisha ubao wa juu ukilia kama mtu mzito anapoketi, na pumzi ya pili ikaanza kwenda sambamba na ya Ilpo, ikiyapokea maneno mdomoni mwake kabla hayajatoka, hata Jarkko alipovua vile vipaza kwa hofu akagundua kwamba nyuma ya mlango ule mwembamba palikuwa kimya kabisa, na alipovivaa tena Ilpo alikuwa akinguruma kwa nguvu zote.

Akaufungua mlango. Ilpo alitoka uso mwekundu, midomo ikicheza, bila sauti.

Nyumbani jikoni, bibi Hilja aliiweka birika ya kahawa chini polepole.

"Mawe yako wapi?"

"Kwenye theluji, bibi."

"Mimi nimezaliwa kwenye sauna ile. Babu yako nimemwoshea mle siku ya kumzika. Mle hatutukani hata tukijikwaa, halafu wewe umeenda kumbomolea mwenyewe, mzimu anayeilinda, jiko lake."

"Bibi, ni muziki tu."

"Muziki wako. Nyumba yake." Akamtazama Ilpo, akashusha sauti. "Rudisheni mawe, mkoke moto. Maji ya mwisho tutamwachia yeye, kama siku zote. Na kila ulichonasa mle, ufute. Kikibaki kidogo tu, sauti ya mwenzio itabaki nacho."

Jarkko alifuta kanda moja baada ya nyingine mbele ya Ilpo, na kila moja ilimuuma. Ya mwisho ilikuwa na wimbo uliobeba albamu nzima. Moyo ukamkatalia. Akaisukumia ndani ya koti.

Moto ulipokolea, mawe yakawa mekundu. Bibi Hilja akamwomba radhi mwenye sauna, akachota maji ya mwisho, akamwaga. Yaliangukia mawe kimya, bila mvuke, kama yameangukia pamba.

"Jarkko, umefuta zote?"

"Zote, bibi."

Ilpo, bado bubu, akamshika mkono kwa nguvu kumshukuru.

Bibi na Ilpo waliporudi nyumbani, Jarkko alibaki saunani na mashine. Akaiweka ile kanda. Wimbo ulikuwa safi, hauna hata mkwaruzo, mngurumo mzuri kuliko wowote aliowahi kuusikia, na machozi yakamlengalenga kwa furaha. Gitaa likafifia. Katika ule ukimya Ilpo akaongea, karibu kabisa, kwa sauti yake ya kila siku.

"Jarkko. Futa, kaka. Nimekaa naye huku, na maji hayaishi."

Jarkko akaweka kidole kwenye kitufe cha kufutia. Akairudisha kanda hadi pale gitaa lilipofifia, akayafuta maneno yale, akauacha wimbo.