Majina Kumi na Moja Hayatoshi

Breki zililia nje.

Clothilde hakuona kitu. Alikuwa jikoni anakanda unga wa mandazi. Alisikia mlio mrefu, kisha honi, kisha kimya. Kimya ndicho kilichomtisha. Alishuka ngazi mbio, mikono yake myeupe kwa unga.

Binti yake Kethia, mwenye miaka tisa, alisimama katikati ya barabara ya kwenda shule, mzima. Alikuwa na msichana mwingine, binti wa Avelina wa jengo la pili. Hatua mbili mbele yao lilisimama gari jeupe.

Avelina naye alifika, anahema. Alimvuta binti yake. Clothilde akamvuta wake. Mama hao wawili walitazamana. Kila mmoja alirudi kwake akafunga mlango.

Hivyo ndivyo watu walivyoishi kwenye maghorofa yale ya Lewisville, Texas. Wakongomani walikaa jengo la kwanza. Wasemaji wa Kihispania walikaa jengo la pili. Katikati kulikuwa na maegesho ya magari, na macho nyuma ya mapazia.

Jioni Clothilde alimwambia mumewe, Mugisho, "Baba Kethia, watoto watakufa pale. Mji utuchoree kivuko cha waenda kwa miguu. Uweke na mtu wa kuwavusha."

"Mji utatusikia sisi?"

"Tukiwa wengi, ndiyo."

"Wengi na nani? Na wale? Kila Jumapili wanakaa kwenye chumba cha mashine za kufulia. Nikiingia, wananyamaza. Wanatusema."

"Unajua Kihispania, wewe?"

"Sijui. Lakini kusemwa ninakujua."

Clothilde hakungoja. Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania alikuwa kiongozi wa kijiji chake. Kule, mtu akija na karatasi, watu hutoka nje kwa furaha. Anayeandikwa jina ndiye anayepata unga, mafuta na sabuni. Basi Jumamosi alivaa reflekta yake ya kazini, kizibao cha rangi ya machungwa, ili watu wamwone vizuri. Alishika kalamu na karatasi. Alikwenda jengo la pili na Kethia, amtafsirie kwa Kiingereza.

Aligonga mlango wa kwanza. "Jina la mkuu wa nyumba? Mko wangapi ndani?"

Mlango ulifungwa.

Wa pili haukufunguliwa. Kwenye mlango wa tano taa ilizimwa. Kwa Avelina, jicho moja lilitokea juu ya mnyororo, kisha likapotea.

"Umeona?" Mugisho alisema. "Wanatudharau."

Jumatatu na Jumanne, watoto wa jengo la pili hawakwenda shule.

Clothilde alipeleka barua ya kuomba kivuko kwenye ofisi ya mji. Ilikuwa na majina kumi na moja, yote ya Wakongomani. Karani aliisoma kwa heshima. "Barabara hii inatumiwa na familia nyingi," alisema. "Hawa wengine wanasemaje? Rudi nao."

Clothilde alitoka pale akiwa na hasira. Akaenda maktaba ya mji kumwona Everline, Mkenya aliyefanya kazi pale.

"Nipatie karatasi ya Kihispania," alisema. "Iwaambie wale watie sahihi."

"Ngoja kwanza, Mama Kethia. Ulipoenda kwao ulisema nini?"

Clothilde alimweleza yote. Everline alishika kichwa.

"Woi! Ulivaa reflekta, ukashika orodha, ukauliza 'mko wangapi ndani?' Mama, hata mimi ningezima taa! Hapa Texas, mgeni akiandika majina mlango kwa mlango, watu wanafikiri ni maafisa wa uhamiaji wamekuja kuwakamata. Wamewaficha watoto kwa sababu yako."

Clothilde aliona aibu kubwa.

"Sasa nifanye nini?"

"Usiwape karatasi ya kutia sahihi. Watafutie mafunzo ya uongozi kwa lugha yao, wakae mezani kama viongozi, si kama majina. Njoo uone."

Everline alifungua kompyuta. Kwanza alitafuta kwenye orodha ya vitabu vya maktaba, akachagua lugha: Kihispania. Halafu akatafuta kwenye mtandao. "Tafuta kwa maneno yao," alisema. "*Liderazgo comunitario*, yaani uongozi wa jamii. Ongeza jina la mji wetu. Ukitafuta kwa Kiingereza, utapata vya Kiingereza."

Ukurasa wa kwanza uliotokea ulidai picha ya kitambulisho kabla ya kuonyesha somo. Everline aliufunga.

"Mbona umeufunga?"

"Somo la uongozi halihitaji kitambulisho chako. Angalia nani ameandika. Ni chuo? Ni maktaba? Ni shirika lenye anwani na simu? Kisha piga simu. Na usichukue cha Kiingereza ukakitafsiri kwa simu yako. Kinatoka kimepinda."

Walipata kijitabu cha Kihispania cha chuo kimoja cha jimbo. Chuo hicho pia kilikuwa na mwalimu wa kuja kufundisha bure.

Mugisho aliposikia alicheka kwa ukali. "Bure? Nani anatoa bure? Watachukua majina yetu wapeleke wapi?"

"Uliza namba yao, upige mwenyewe," Clothilde alijibu.

Safari hii hakuvaa reflekta. Hakubeba kalamu. Aligonga kwa Avelina akiwa na Kethia na kijitabu tu.

"Nani amekutuma?" Avelina aliuliza kwa Kiingereza, nyuma ya mnyororo.

"Breki za gari," Clothilde alisema, na Kethia akatafsiri. "Ile asubuhi. Mtoto wako na wangu. Siku ile ya karatasi nilikosea. Nisamehe."

Avelina alichukua kijitabu kupitia ufa wa mlango. Alisoma jalada la nyuma. Alipiga simu palepale. Aliuliza maswali kwa muda mrefu, uso wake umekunjwa. Kisha akakata simu, akatoa mnyororo.

Mafunzo yalifanyika maktaba kwa Jumamosi nne. Mwalimu alifundisha kwa Kihispania, kisha kwa Kiingereza, na Everline akatafsiri kwa Kiswahili. Mugisho alikaa karibu na mlango, funguo za gari mkononi. Walijifunza kuchagua shida moja. Walijifunza kueleza shida kabla ya kuomba jina. Kila mtu aliandika jina lake mwenyewe, au aliacha, na hakuna aliyemlaumu.

Siku ya tatu Mugisho aliuliza, "Jumapili mnasema nini kwenye mashine za kufulia?"

Avelina alicheka. "Tulisema kuhusu barabara. Na wewe unaingia kama polisi, husalimii. Tunyamaze au tuimbe?"

Mugisho alitia funguo mfukoni.

Barua ya pili ilikuwa na majina hamsini na nane. Avelina aliisoma mbele ya baraza la mji kwa Kihispania, na mkalimani wa mji akatafsiri. Miezi miwili baadaye mistari myeupe ilichorwa barabarani. Mji ulikuwa bado unatafuta mtu wa kuvusha watoto. Wakati huo, uliwafundisha wazazi wanne kushika kibao chekundu cha kusimamisha magari. Mugisho alikuwa mmoja wao.

Ijumaa Avelina alimfuata kwenye maegesho ya magari. Alikuwa na wasiwasi.

"Nimepewa zamu mpya hotelini," alisema. "Naondoka saa kumi na moja alfajiri. Binti yangu atatoka peke yake. Jumatatu nani atakuwa barabarani?"

Mugisho alivua kofia yake. Alimwita Kethia atafsiri, ili hata neno moja lisipotee.

"Mwambie mama huyu hivi," alisema. "Nitakuwa pale mimi. Mtoto wako hatakanyaga barabara ile kabla sijasimamisha kila gari."