Majivu ya Mama yake Huguette

Haya yalimpata rafiki yangu Huguette, na sioni angenidanganya ili apate nini. Mama yake aliacha ombi moja tu: azikwe udongoni, asichomwe. Kijijini kwetu, chini ya ile ngome ya Wakathari, Wakristo wa kale walioitwa wazushi, maiti hazichomwi. Wazee wetu walichomwa wazima pale bondeni kwa ajili ya imani yao, na hiyo ilitutosha. Lakini Thibaut, kaka yake, alimchoma mama mwezi wa Machi, Huguette akiwa amelazwa hospitali, kisha akakisahau chungu cha majivu gereji mpaka Oktoba.

Siku waliyopanda ngomeni kuyamwaga, ukungu mzito uliwafukuza hadi ndani ya mnara. Mle gizani Huguette akasikia kuni mbichi zikipasuka motoni.

“Kaka, unasikia?”

“Nasikia baridi tu. Umeanza mambo ya mama?”

“Mama alikuomba jambo moja.”

“Mama amekufa, Huguette. Maiti hajui kaburi wala tanuri. Lete hicho chungu tumalize, nina safari.”

Mlio ule sasa ulitoka mikononi mwake mwenyewe, ndani ya chungu. Huguette akampa.

Thibaut akafunua kifuniko, akatumbukiza mkono ili achote. Akapiga yowe, chungu kikamponyoka, majivu yakatawanyika juu ya mawe. Katikati yake palikuwa na kaa moja jekundu, likiwaka kama limetolewa jikoni sasa hivi.