Matone Chini ya Nailoni

Kila siku baada ya masomo, binti wa fundi sakafu hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kazini kwa mama yake, akabadilisha viatu mlangoni, akajifunga kitambaa puani kuzuia vumbi, kisha akauliza, "Leo nifanye nini?"

Siku hizo kazi ilikuwa katika kliniki ya macho. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa na sakafu ya zege iliyochakaa, na juu yake lingebandikwa zulia jipya la plastiki. Mama alikuwa amekaa siku nne bila hata kulikunjua zulia lenyewe. Alikwangua gundi ya zamani, akasugua zege kwa mashine, akaziba nyufa, akafagia mpaka ukipitisha kiganja hakichafuki. Alisaidiwa na bwana mmoja mnene aliyeitwa Haraka kwa utani, kwa sababu hakuwahi kuharakisha kitu chochote tangu azaliwe.

Jumanne walikuwa wamebandika vipande vitano vya nailoni sakafuni, kila kimoja kimezibwa kwa selotepu pande zote.

"Zege huonekana kavu usoni, kumbe tumboni lina maji," Mama alieleza Jumatano, binti alipofika. "Nailoni ikitoka jasho, hatubandiki zulia."

"Na zikiwa kavu?"

"Tunaanza leo, kesho tunamaliza. Ijumaa nakuja shuleni kukusikiliza."

Binti alitabasamu nyuma ya kitambaa. Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi, naye alichaguliwa kusoma insha yake mbele ya watu wote. Miaka miwili mfululizo kiti cha mama yake kilikuwa kitupu kwa sababu ya kazi.

Haraka akamkabidhi daftari. "Haya, mkaguzi. Andika kavu au mbichi. Usituandikie mashairi."

Nailoni nne zilikuwa kavu kabisa. Ya tano, kwenye kona yenye sinki ya kunawia mikono, ilikuwa na matone madogo yaliyojipanga kwa ndani. Binti akageuka. Mama alikuwa nje akipima zulia. Haraka alikuwa anafunga kamba za viatu, kazi ambayo kwake haikuwa ya dakika moja. Binti akabandua selotepu, akafuta matone kwa pindo la sweta, akafuta na zege, kisha akabandika tena. Akaandika: kavu.

Mama alisoma daftari. "Zote?"

"Zote."

Mama hakwenda kutazama. Alimwambia Haraka afungue ndoo ya gundi.

Ndipo msimamizi wa kliniki alipoingia. "Poleni na kazi, fundi. Nina wasiwasi mmoja tu. Wagonjwa wangu wengi hutembea kwa kupapasa. Zulia likivimba mahali, mtu ataanguka."

"Zulia huvimba penye unyevu," Mama alisema, "na hapa hapana. Mwanangu amekagua kila kona."

"Basi roho yangu imetulia."

Ya binti haikutulia. Aliomba moyoni kwamba kifuniko cha ndoo kimsumbue Haraka kama kawaida, lakini siku hiyo kilifunguka mara moja. Mama akachota gundi kwa mwiko wenye meno, akapiga magoti.

"Mama, ngoja."

Mwiko ukasimama.

"Kona ya sinki ina maji. Niliyafuta."

"Kwa nini?"

"Nilitaka uje Ijumaa."

Mama hakufoka. Alirudisha mwiko ndani ya ndoo, akaenda hadi kwenye kona ile, akabandua nailoni na kuweka kiganja juu ya zege. Kisha akamgeukia msimamizi. "Nilikuhakikishia hapana unyevu, na sikuwa nimetazama mwenyewe. Niwie radhi. Leo hatubandiki."

"Na ufunguzi wa ukumbi tulioutangaza?" msimamizi aliuliza.

"Utasubiri sakafu."

Msimamizi alitoka amekunja uso. Kesho yake walibomoa ile kona na kukuta bomba la sinki linavuja kwenye kiungo. Ijumaa Mama alishinda pale na fundi bomba. Shuleni, shangazi yake binti ndiye aliyekaa kwenye kiti cha Mama. Binti alisoma insha yake hadi mwisho. Kumkosa Mama kuliuma, lakini alijua kumeuma kwa haki.

Kona ilizibwa, madirisha yakaachwa wazi wiki mbili, kisha nailoni mpya zikabandikwa. Mama akampa binti yake daftari lile lile. Binti alilishika kwa mikono miwili. Akakagua moja baada ya nyingine, na penye sinki akatazama mara tatu.

"Kavu, Mama. Lakini njoo utazame."

"Nakuamini," Mama alisema, akija. "Nakuja kwa sababu siku ile na mimi nilikosea."

Wakachuchumaa pamoja. Hapakuwa na tone.

"Sikiliza, mwanangu," Mama alisema. "Kosa ukilisema mapema, nyundo na wiki chache zinalitengeneza. Ukilifunika, anayeanguka ni mtu mwingine, tena asiyeona anapokanyaga. Kusema ukweli kulikugharimu siku uliyoingoja sana, na bado ulisema. Hicho ndicho ninachojivunia, kuliko hata insha."

Binti akainamisha kichwa, akaandika: kavu.

"Haya, sogeeni," Mama alisema, akichukua mwiko. "Gundi haimngoji mtu, hata Haraka."