Pumzi Ndani ya Tangi

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa nane na dakika kumi mchana, umeme ulikatika, na fundi akaweka mdomo wake mahali ambapo hakupaswa kuuweka.

Watu walimwita Fundi Taratibu. Hakuwahi kukaza nati kwa haraka, wala kusema kwa haraka. Karakana yake ilikuwa uani mwa nyumba, na kila kazi aliianza kwa bismillahi, hata kubadilisha balbu. Wiki ile alikuwa na kazi yake mwenyewe: pikapu ya marehemu baba yake, iliyokaa juu ya mawe miaka kumi na tisa. Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi, na alitaka kupelekwa kwa gari la babu.

Injini ilikubali. Tatizo lilikuwa tangi la mafuta. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa risasi ya kuyeyushwa, umelehemiwa pande zote, na mkono uliolehemu ulikuwa wa baba. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Walimkuta amekaa kando ya tangi, chuma cha kulehemu kikiwa bado cha moto. Daktari alisema ni moyo.

"Alikuwa anaogopa wezi wa mafuta," fundi alisema, akiikwangua risasi.

Mkewe alikuwa anaanika nguo. "Anayeogopa wezi anatia kufuli. Hazibi mpaka na yeye mwenyewe akashindwa kufungua. Baba mkwe alikuwa mbishi, lakini mjinga hakuwa."

"Na wewe umeanza ufundi lini?"

"Tangu nilipoanza kufua maovaroli yako."

Risasi ikaachia. Ndani, petroli ya zamani ilikuwa imegeuka utomvu mweusi, umeganda kwenye kuta. Fundi alifanya kama afanyavyo siku zote. Akamimina mafuta ya taa, akatia konzi ya nati kuukuu, akaziba kwa tambara na kulitikisa tangi ili nati zisugue kuta. Akamwaga. Akarudia mara tatu. Mara ya tatu yalitoka safi, na nati zote zikatoka isipokuwa moja iliyogoma. Lakini harufu haikuwa ya petroli. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyelala muda mrefu.

Bomba dogo la chini lilikuwa bado limeziba. Siku nyingine angetumia upepo wa kompresa, lakini umeme ndio huo. Basi akafanya wanavyofanya mafundi wote: akachomeka kipande cha mpira kwenye bomba, akaubana kwa meno. Bismillahi aliikumbuka mpira ukiwa tayari mdomoni. Akajiambia ataisema baadaye.

Akapuliza. Bomba likazibuka.

Kisha tangi, polepole, likampulizia na yeye, na likaivuta pumzi yake ndani.

Jioni ile fundi alipumzika mara mbili katikati ya sahani moja ya chakula. Jumatano alishika ukuta ili afike langoni. Na tangi, lililokuwa juu ya meza ya kazi bila kuguswa na mtu, lilianza kutoa sauti: ile nati moja ikibingirika kwenda, ikibingirika kurudi, kwa kipimo cha mtu anayevuta pumzi na kuitoa.

"Ni joto," fundi alisema. "Bati linatanuka."

"Joto halihesabu," mkewe alijibu, na safari hii hakucheka.

Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, mama alisikia kicheko karakanani, kicheko kizito cha mzee, kile ambacho hakikuwa kimesikika katika nyumba ile kwa miaka kumi na tisa, na alipokimbia kutazama alimkuta binti yake amelikumbatia tangi kama mtoto mchanga, mpira mdomoni, macho amefumba, mashavu yameingia ndani, anapuliza na kupuliza, huku harufu ya kile kinywa ikiwa imejaa uani mpaka kwenye nguo zilizoanikwa.

Akamnyang'anya mpira. Binti alikuwa mweupe midomoni.

"Babu anakosa hewa, mama," alinong'ona. "Anasema nimpe kidogo tu."

Wakamwita shehe. Alipoanza kusoma, nati ikanyamaza na binti akaweza kukaa. Lakini shehe alipotua kumeza mate, tangi likavuta pumzi, na ncha ya kanzu yake ikainuka yenyewe kuelekea kwenye mdomo wa bati. Akarudi nyuma.

"Mimi nimezoea kuwatoa walioingia ndani ya watu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni kinyume. Watu ndio walioingia ndani yake. Baba yako alijua, ndiyo maana akamziba."

"Na pumzi ya baba ilikuwa imeshaingia," fundi alisema, akitulia kila baada ya neno. "Kwa hiyo nikiziba..."

"Umri uko kwa Mungu, si kwake. Lakini siwezi kukuahidi kitu."

"Na ya mtoto?"

"Ya mtoto ni kidogo. Leo atapona. Kesho sijui."

Fundi akawasha moto, akaweka chuma. Mkewe akamshika mkono. "Jaza maji kwanza! Wewe mwenyewe husema tangi halilehemiwi kavu. Litalipuka!"

"Maji yatamsukuma nje, mke wangu. Akitoka, ataanzia kwa nani?"

Wote wawili walimtazama binti, na mama akauachia mkono.

Fundi alisema bismillahi kwa sauti, akaigusisha risasi kwenye mdomo wa tangi, ikaanza kuyeyuka na kuzunguka, na kadiri tundu lilivyopungua nati ilipiga kuta kwa kasi, meza ikatetemeka, spana zikaanguka moja moja kutoka ukutani, shehe akazidi kupaza kisomo, na hapo, kupitia tundu lililobaki dogo kama punje ya mchele, ikatoka sauti ya mzee, ya upole, ile ile: "Mwanangu, usiniache gizani."

Mkono wa fundi ulisimama.

"Kama ni wewe, baba," alisema, "unajua kwa nini."

Akaziba.

Halikulipuka. Binti alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu mchana. Fundi alikirudisha chuma mahali pake, kama kawaida yake, akakaa kwenye kigoda, na hakuinuka tena.

Harusi ilifanyika bila gari. Tangi bado liko karakanani chini ya turubai, na mjane haruhusu mtu aliguse. Mara nyingine, saa nane na dakika kumi, nati ile husikika. Siku ya kuzibwa ilikwenda mbio. Siku hizi inabingirika taratibu, taratibu sana, kama mtu ambaye hajawahi kuharakisha kitu maishani mwake. Mjane huacha kufua, akasikiliza hadi mwisho, kisha huinua mikono yenye povu.

Ee Mwenyezi Mungu, warehemu baba na mwana. Pumzi uliwapa Wewe, si mwingine. Ichukue Kwako yote, hata hiyo iliyobaki nyuma ya risasi. Amina.