Ndani ya T Kuna Nini?

Tusa ana miaka sita. Anaishi Tukuyu, kwenye mvua nyingi na mablanketi mazito.

Tusa anapenda kujua.

Akipewa pasheni, anaitikisa sikioni. "Ndani kuna nini?"

Akiona sufuria imefunikwa, anaizunguka. "Ndani kuna nini?"

"Mvuke, Tusa," anasema Mama. "Rudi nyuma!"

Leo Tusa ana kofia mpya, kapelo ya bluu. Mbele ina herufi moja nyekundu. Ni T ya Tusa. Shangazi Sekela ndiye aliyeidarizi, kwa mashine yake kule sokoni.

Lakini T hii si kama T ya kitabuni. T hii imevimba!

Tusa anapitisha kidole. Kidole kinapanda. Kidole kinashuka.

Anaibonyeza T. Inabonyea. Anaiachia. Inarudi.

Bonye, bonye!

"Ndani kuna nini?" anauliza Tusa.

"Andazi," anasema kaka yake, Gwakisa.

"Muongo!"

"Kweli tena. Shangazi alibakiza la asubuhi, akalishonea humo."

Tusa anainusa T. Hainukii andazi.

"Basi ni panya," anasema Gwakisa.

"Panya angelia."

"Amelala huyo."

Tusa anaweka sikio kwenye T. Kimya.

Mezani kuna mkasi mdogo wa Mama. Tusa anautazama mkasi. Anaitazama T. Uzi mmoja tu, anawaza. Nichungulie kidogo tu.

Kwichi!

Uzi mmoja umekatika. Uzi wa jirani unalegea. Na wa jirani yake nao unalegea.

Katikati ya T, kitu kinachungulia. Ni chekundu. Kina vitundu vidogo vidogo. Tusa hakijui.

Moyo wake unapiga. Du, du, du! Nyuzi zote zikilegea, T itaondoka. Kapelo yake itabaki tupu.

"Aisee, umefanya nini?" anauliza Gwakisa. Tusa anataka kulia. Gwakisa anamwona.

"Usiuvute uzi," anasema. "Ushike hivyo hivyo. Twende kwa Shangazi."

Wanakwenda sokoni. Tusa ameifunika T kwa kiganja. Njia nzima hakiondoi.

Kwa mbali wanaisikia mashine.

Tiki-tiki-tiki-tiki!

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeshika kofia kama umeshika yai?"

Tusa anaondoa kiganja. Anatazama vidole vyake vya miguu.

"Nilitaka kujua ndani kuna nini," anasema polepole.

Shangazi anaitazama T. Halafu anamtazama Tusa.

"Na umejua?"

"Hapana."

"Ah! Basi umekata uzi bure," anasema Shangazi, na anacheka. "Njoo ukae hapa."

Shangazi anachukua sindano ya mkono na uzi mwekundu. Sindano inaingia. Sindano inatoka. Inaingia. Inatoka.

Kitu chenye vitundu kinafunikwa. Hakionekani tena.

Tusa anaibonyeza T. Inabonyea. Anaiachia. Inarudi.

Bonye, bonye!

Pembeni kumebaki alama ndogo.

"Ina kovu," anasema Tusa.

"Kama goti lako," anasema Shangazi.

Tusa anaangalia goti lake. Kweli, vinafanana.

"Shangazi, bado nataka kujua. Lakini bila mkasi."

"Haya. Gwakisa, vua kapelo yako, nayo tuitie herufi."

Shangazi anaivisha mashine kapelo, kama anavyomvisha mtoto. Halafu anachukua kipande cha sponji ya kijani. Ni chembamba kama chapati. Anakilaza juu ya kapelo.

"Mikono mbali na sindano," anasema. Tusa anaificha mikono mgongoni.

Tiki-tiki-tiki-tiki!

Sindano inakimbia kulia. Inakimbia kushoto. Uzi wa kijani unapita juu ya sponji. Unapita tena, na tena, na tena.

Tiki-tiki... tik. Mashine inasimama.

"Mbona mbaya hivi?" anasema Gwakisa. Sponji imetokeza pande zote. Herufi yake haieleweki.

"Subiri, wewe," anasema Shangazi. "Tusa, hii kazi yako. Vuta."

Tusa anashika ukingo wa sponji. Anavuta.

Chwaaa!

Sponji ya pembeni inatoka yote. Sindano ilikwisha kuitoboa toboa kuzunguka herufi. Sasa vimebaki vinyuzi vidogo vya sponji tu, kama manyoya ya kifaranga.

Shangazi anawasha kikausha nywele.

Fuuuu! Hewa ya moto inapuliza. Vinyuzi vinajikunja, vinapotea.

Na hapo kuna G. Nene. Laini. Imevimba.

"Ni yangu hiyo!" anapiga kelele Gwakisa.

Tusa bado ameshika sponji aliyoivuta. Katikati ina tundu. Tundu lina umbo la G. Tusa anachungulia kwenye tundu, anamwona Gwakisa anacheka.

Tusa anafikiri. Sponji ya hapa katikati imekwenda wapi?

Anatazama tundu. Anatazama G. Anatazama tundu tena.

"Iko ndani!" anasema. "Sponji iko ndani! Uzi umeifunika. Imekaa humo kama... kama..."

"Kama nini?" anauliza Shangazi.

Tusa anafikiri sana. "Sijui bado," anasema.

Usiku mvua inanyesha juu ya bati. Ta-ta-ta, ta-ta-ta.

Mama anaingia chumbani. Kwenye kitanda cha Tusa hamwoni Tusa. Anaona blanketi tu, na blanketi limevimba.

Mama analibonyeza. Linabonyea. Analiachia. Linarudi. Linacheka!

"Ndani kuna nini?" anauliza Mama.

"Sponji!" linasema blanketi.

"Sio andazi?"

"Ni panya huyo!" anasema Gwakisa kutoka kitanda cha pili.

"Panya amelala," linasema blanketi.

Mama anashika ukingo wa blanketi. Afunue? Hapana. Hafunui. Anaubana ukingo upande huu. Anaubana upande ule. Anaubana kuzunguka pande zote, kama uzi.

Ukutani zinaning'inia kapelo mbili, moja ina kovu.

Kitandani blanketi linapanda, linashuka. Linapanda, linashuka.

Mama anazima taa. Yeye anajua ndani kuna nini.