Kompyuta Aliyoifuta Wayua

Kila siku masomo yalipokwisha, Wayua alivua viatu mlangoni pa chumba cha kompyuta, akakung'uta vumbi jekundu la Kiganjo, kisha akaingia. Humo ndani ilinguruma seva, sanduku kubwa jeusi ambalo wanafunzi waliliita wingu la shule. Usidhani ni wingu la mvua! Ndani ya mashine hiyo moja, Mwalimu Gachau alikuwa ametengeneza kompyuta nyingi zisizoshikika kwa mkono. Aliziita kompyuta pepe. Kila gredi ilikuwa na yake, na mwanafunzi akiketi mbele ya kioo chochote, aliifungua akakuta kazi zake zote humo.

Wayua wa Gredi ya Nane ndiye aliyechaguliwa kusaidia kuzitunza. Alijua kuziwasha, kuzizima na kuzifuta, na tuseme ukweli, kazi hiyo ilimpandisha mabega kidogo.

Alhamisi moja Mwalimu alimwambia, "Nafasi imejaa. Futa zile za waliomaliza shule. Lakini washa kila moja kwanza, utazame kuna nini ndani, ndipo ufute. Sawa?"

"Sawa, Mwalimu."

Alianza vizuri. Kisha akafikia moja iliyokuwa imezimwa, na jina lake lilikuwa tarakimu tupu. Kuiwasha kungechukua muda, na nje wenzake walikuwa wameshaanza kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Uvivu nao una maneno matamu! "Kama ingekuwa na mwenyewe," alijiambia, "ingekuwa inawaka." Akabonyeza, ikatoweka.

Alikuwa akifunga viatu pale alipopita Perez wa Gredi ya Tisa, jirani yake wa ploti moja ya nyumba za kupanga.

"Niaje, Wayua! Kompyuta yetu iko salama?"

"Gani?"

"Ile imezimwa. Mwalimu aliizima mwenyewe ili tusiguse miradi yetu kabla hajasahihisha. Kesho anaiwasha. Woi, muhula mzima nimeshinda kijijini Theta kwa wakulima, nikipiga picha za majani ya nyanya yenye ugonjwa! Kazi yote iko humo."

Wayua alijua papo hapo ni ile aliyoifuta. "Iko salama," akadanganya, akainamia viatu vyake.

Jioni hiyo Wayua aliiacha sahani yake imejaa. "Mbona hujagusa githeri?" mama yake aliuliza. "Unaumwa?"

"Hapana, Mama."

Upande wa pili wa ukuta Perez alisikika akiimba huku akiosha vyombo. Wayua aliogopa. Perez angemchukia. Mwalimu angemfukuza mbele ya wote. Na hata akisema, ingesaidia nini? Maji yakimwagika hayazoleki.

Asubuhi alimkuta Mwalimu Gachau tayari ameketi.

"Kazi nzuri, nafasi imepatikana. Kabla sijaanza kusahihisha, acha niwatengenezee Gredi ya Saba kompyuta yao mpya."

Wayua alisogea karibu. "Mwalimu, hiyo mpya itakaa wapi?"

"Pale palipoachwa na zile ulizofuta. Unajua, kompyuta pepe ikifutwa haiondoki mara moja. Vitu vyake hubaki palepale mpaka vingine viandikwe juu yavyo. Hapo ndipo hupotea kabisa." Akapeleka kidole kwenye kitufe.

Kumbe ilikuwa bado ipo! Angenyamaza sekunde moja zaidi, kazi ya Perez ingezikwa, naye ndiye mzishi.

"Mwalimu, usibonyeze!" Sauti ilimtoka kwa kilio. "Nimefuta ya Gredi ya Tisa. Sikuiwasha nikatazama. Tangu jana najua, nikanyamaza."

Mwalimu aliondoa mkono taratibu. Kisha akasimamisha kazi zote za seva, akaanza kutafuta. Alitafuta mpaka kengele ya chakula cha mchana, Wayua akiwa amesimama nyuma yake. Hatimaye jani la nyanya lenye madoa likatokea kwenye kioo. Likafuata jingine. Perez alipoitwa, picha chache zilikuwa zimeharibika, lakini mradi ulikuwa mzima.

"Jana uliniambia iko salama," Perez alisema, macho yamejaa machozi.

"Nilidanganya. Niliogopa. Nisamehe, Perez."

Perez alijifuta machozi. "Utanisindikiza Theta nikapige upya zilizoharibika," akasema.

"Nitaenda."

Mwalimu Gachau aligeuza kiti. "Wayua, hutaruhusiwa kufuta kitu tena muhula huu. Utawasha na kuzima tu, mpaka ujifunze kutazama kwanza. Hilo la uvivu tumelimaliza. La kunyamaza ndilo zito. Jana jioni nilikuwa nimeketi hapa, nataka kutengeneza hiyo kompyuta mpya, mara stima ikapotea. Stima isingepotea, leo tungekuwa matangani. Hofu yako ilikufunga mdomo usiku kucha, na haikulinda hata jani moja la Perez. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikosea, mwanangu, sema wakati bado kuna cha kuokoa."