Njoo kwa Treni

"Shahmir, hiyo sauti ya nani inayotangaza hapo?"

"Sauti gani?"

"Ya mwanamke. Anasema lango la ngapi sijui."

Shahmir akaziba simu kwa kiganja, akamtolea macho rafiki yake Peyman, aliyemsindikiza uwanja wa ndege na sasa alikuwa pembeni akitafuna mbegu za alizeti. Kisha akarudi na sauti ya asali.

"Stesheni siku hizi zina malango, Granaz. Treni yenyewe naiona hiyo, inameremeta."

"Kweli, mpenzi? Baba amechinja mbuzi. Tangu asubuhi anazunguka uani anasema, 'Kijana anayekuja kwa treni, huyo ni mtu.'"

"Mwambie ndiyo tunapanda."

"Niandikie kila mtakapopita, sawa?"

"Sawa, roho yangu."

Akakata. Peyman akacheka mpaka ganda likampalia.

"Inameremeta! Wewe utaungua moto wewe."

"Kwani wewe ungekaa kwenye behewa mchana kutwa na usiku kucha, na ndege ni saa moja na ushee?"

"Mimi sijaambiwa na baba mkwe nipande treni."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Shahmir alikuwa Mbaluchi, lakini Mbaluchi wa Tehran. Alipelekwa huko akiwa anabebwa mgongoni, akakulia huko, na sasa alikuwa fundi wa lifti za maghorofa. Granaz alikwenda Tehran kusomea uuguzi. Siku moja lifti ikakwama akiwa ndani, fundi akaja kumtoa, na mapenzi yakaanzia hapo. Masomo yalipokwisha, binti akarudi kwao Zahedan, kule mwisho wa nchi, ukishalimaliza jangwa lote. Shahmir alipopiga simu kuomba aje kuposa, Mzee Pirbakhsh, baba yake Granaz, hakuuliza kazi wala nyumba.

"Unataka kumpeleka mwanangu Tehran?"

"Ndiyo, baba."

"Basi njoo kwa treni. Anayekuja kwa ndege anadhani tunakaa mtaa wa pili. Nataka ujue unampeleka mbali kiasi gani. Ukifika utanipa hali."

Na hali, kwa Wabaluchi, si mchezo. Mgeni akishaketi na kushika kikombe, husema alikotoka, alikopita na alichokiona, na wenyeji hunyamaza wakamsikiliza. Anayedanganya kwenye hali hana tena pa kuweka uso.

Shahmir akapanda ndege. Jua halijazama, alikuwa kitandani kwenye nyumba ya wageni hapo hapo Zahedan, anakula kababu na kuandika:

"Tumepita Yazd. Jangwa tu, ila nakuona wewe kila dirisha."

"Jamani! Mmekula nini?"

"Mkate na jibini. Nitavumilia kwa ajili yako."

Asubuhi akachota vumbi kwenye kitalu cha maua, akajipaka mabegani na kwenye viatu, akavuruga nywele, akachukua teksi. Alipoliona jengo la stesheni akaandika: "Tumeingia Zahedan! Moyo unadunda!"

Jibu halikuja.

Akaingia kwa mlango wa barabarani, begi begani, tabasamu tayari. Akakuta ukumbi umejaa watu, lakini hakuna aliyesimama. Watu walikuwa wameketi kwenye mabenchi na sakafuni, wengine wamelala. Nje, reli ilikuwa tupu. Kipaza sauti kikasema tena maneno ambayo watu hao walikuwa wameyasikia tangu alfajiri: treni ya Tehran imekwama mchangani upande huu wa Bam, reli bado inafukuliwa.

Kwenye benchi la mbele alikaa Granaz, gauni lake limetariziwa kifuani mpaka magotini, simu mkononi. Kushoto kwake mama yake na chupa ya chai. Kulia, Mzee Pirbakhsh na kilemba cheupe.

"Moyo unadunda," Granaz akasoma kwenye simu, taratibu. Akainua macho. "Unadunda?"

Shahmir akashusha begi.

"Granaz, naomba nikueleze..."

"Mwacheni mgeni akae," Pirbakhsh akasema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. "Mama Granaz, mpe chai. Haya, kijana. Lete hali."

Benchi zima likanyamaza. Hata wasiomjua wakageuka kusikiliza, maana hali ni hali.

Shahmir akakishika kikombe kwa mikono miwili. "Baba, nimekuja kwa ndege."

"Vyema. Ya ndege basi. Uliona nini?"

"Nilikaa. Nikapewa juisi. Nikashuka."

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

Kuna aliyecheka huko nyuma. Granaz hakucheka.

"Kumbe kwetu ni mbali kama glasi moja ya juisi," akasema. "Miaka yote ya chuo nilikuwa navuka jangwa hili kwenda na kurudi. Nikikwambia nimechoka, unaniambia, 'Pole, ulilala vizuri?' Baba hakutaka dhahabu. Alitaka ulione tu jangwa! Na hilo nalo ukalitafutia njia ya mkato."

"Nipe nafasi..."

"Nenda, Shahmir. Ndege zipo. Utafika kabla juisi haijaisha."

Akainuka, akaondoka na mama yake. Mzee akabaki kumalizia chai, akafuta kikombe, akasema, "Asante kwa kusema kweli, ingawa umechelewa," naye akaenda.

Alasiri treni ikaingia. Haikuwa inameremeta. Ilikuwa ya rangi ya mchanga tangu kichwa mpaka mkia, na watu walioteremka walionekana kama waliofukuliwa ardhini. Ilipogeuza kurudi Tehran, Shahmir alikuwa ndani.

Mwanzo alikaa akijilaani tu. Halafu akatazama nje, na hakuweza tena kugeuza shingo. Mchanga ulikuwa unatembea. Ulivuka reli kama maji yanavyovuka barabara, na wanaume waliojifunga vitambaa usoni walikuwa wanausukuma kwa sepetu, nao unarudi nyuma yao. Milima ikaja, myeusi, halafu myekundu, halafu ikaisha, na mbele yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na nyumba wala waya, hata mbuzi wa kupotea.

Kwenye dirisha la pili la ujia wa behewa alisimama bibi mmoja, mfuko wa tende umemlalia miguuni.

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Kwa binti yangu, Tehran. Aliolewa huko. Mume wake aliniapia, 'Mama, ndege ni saa moja tu, utachoka kumwona.'" Akatabasamu. "Binti amekuja mara moja. Kumzika baba yake."

"Mbona na wewe hupandi ndege?"

"Nikilia kwenye ndege, mwanangu, nafika kabla sijamaliza."

Treni ikasimama kwa sala ya magharibi, kwenye kituo kisicho na mji. Watu wakateremka, wakasali, wakarudi mbio. Shahmir akabaki amesimama mchangani. Anga lilishuka mpaka miguuni mwake pande zote, jekundu, kimya, kubwa kupita chochote alichowahi kukifikiri. Yeye aliyepandisha watu mpaka ghorofa za juu kabisa hakuwahi kujiona mdogo namna ile. Na akamwona Granaz, msichana peke yake na begi, akilivuka hili lote ili aje tu asomeshwe, aje acheke naye, arudi.

"We kijana, panda!" mhudumu akafoka mlangoni. "Hapa hakuna teksi!"

Simu iliposhika mtandao akaandika: "Siandiki kuomba msamaha. Nimeona tu, na sina wa kumwambia ila wewe. Ni mbali, Granaz. Ni mbali mno na ni pazuri mno. Sikujua."

Ujumbe ukasomwa.

Tehran, Peyman alikuwa anamsubiri stesheni.

"Unanuka kama ngamia. Twende ukaoge."

"Narudi."

"Wapi?"

"Zahedan. Kwa hii hii."

"Si ndiyo umetoka huko!"

"Hapa nimerudi. Sijaenda bado."

"Na lifti za watu?"

"Wapande ngazi."

Aliposhuka tena Zahedan hakukuwa na mtu wa kumpokea. Akatembea kwa miguu mpaka kwao Granaz, akabisha. Pirbakhsh akafungua, akamtazama vumbi la mabegani, akampisha. Chai ikaja. Mzee akangoja.

Shahmir akatoa hali. Alianza na mlango wa stesheni ya Tehran, akapita Yazd, Kerman, mitende ya Bam. Akaeleza mchanga unaotembea, wanaume wa sepetu, bibi wa tende. Alipofika kwenye lile anga, Pirbakhsh akainamisha kichwa.

"Na la mwisho, baba, nilitaka kuomba nimpeleke. Sasa siwezi. Nikikubaliwa, nitahamia mimi. Hata hapa kuna majengo."

"Hii," mzee akasema polepole, "ndiyo hali."

Pazia la chumba cha ndani likafunguka kwa nguvu.

"Mmemaliza?" Granaz alikuwa amesimama, macho mekundu. "Mmoja anapima nitapelekwa mbali kiasi gani, mwingine ananirudisha. Mimi ni gunia la mchele?"

"Mwanangu..."

"Baba, hospitali ya Tehran imeniita kazini. Nilinyamaza nione kwanza huyu ni mtu gani." Akamgeukia Shahmir. "Nitakwenda Tehran, kwa sababu nataka mimi. Na kila mwaka tutarudi hapa, wewe na mimi, kwa reli. Ukinitajia ndege, nakufungia kwenye lifti."

"Kwa hiyo... umekubali?"

"Kwani nimesema Kichina?"

Mama yake akapiga kigelegele jikoni hata kabla ya mzee kufungua mdomo.

Wakaoana Zahedan, kwa ngoma na mbuzi wengine. Siku ya kuondoka, ndugu walijaa stesheni, Pirbakhsh akamshika binti yake kichwani muda mrefu, akaachia mwenyewe. Treni ikang'oka. Granaz akalia, na alikuwa na muda wa kumaliza.

Mchanga ulipoanza kuvuka reli, akajifuta macho, akafungua pazia la dirisha mpaka mwisho.

"Zima simu," akamwambia mumewe. "Sogea hapa."

Wakakaa bega kwa bega, mkono wake wenye hina bado mpya ukiwa mkononi mwa Shahmir, na hakuna aliyesema neno mpaka mitende ya Bam.